Je, Wajua? Chipu ya Flashi Huzaliwa na Kasoro

JE, WAJUA kwamba chipu mpya ya flashi, hata ile ambayo haijatolewa kwenye trei yake ya kiwandani, mara nyingi huwa na sehemu zilizokwisha kufa? Hakuna ulaghai hapo. Watengenezaji wa flashi ya aina ya NAND huandika jambo hilo peupe kwenye karatasi ya maelezo ya chipu. Kwa chipu nyingi za zamani zenye bloku 1,024, ahadi ilikuwa kwamba bloku 1,004 angalau zitakuwa nzima. Hizo 20 nyingine ni bahati yako. Bloku moja tu ndiyo iliyotajwa kwa nambari kwamba haitakuwa mbovu: ile ya kwanza kabisa, nambari 0, kwa sababu hapo ndipo mashine nyingi huanzia kusoma zinapowashwa.

Je, wajua kwamba alama ya ubovu ni baiti moja tu? Kila bloku ni kundi la kurasa, na kila ukurasa una eneo dogo la akiba pembeni. Kwenye bloku nzima, baiti ya alama huwa 0xFF; kwenye mbovu, kiwanda huacha kitu kingine. Draiva, yaani kile kipande cha mfumo endeshi kinachojua kuzungumza na kidhibiti cha chipu, sharti izisome alama hizo zote na kuzitunza kwenye jedwali kabla haijafuta chochote. Mwanagenzi akianza kwa kuifuta chipu nzima ili “aanze upya”, alama nazo zinakwenda, na orodha ile ya kiwanda haipatikani tena kokote.

Aliyeibuni flashi ni Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani. Aina ya kwanza, NOR, aliitangaza 1984. NAND ikafuata 1987. Mwenzake kazini, Shoji Ariizumi, ndiye aliyependekeza jina: data ilivyofutika kwa mkupuo ilimkumbusha mwanga wa kamera. Miaka mingi baadaye Masuoka alimshtaki mwajiri wake wa zamani akidai malipo ya uvumbuzi huo, na 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87. Ukilinganisha na biashara iliyozaliwa na chipu hiyo, ni nauli ya daladala.

Je, wajua kwamba flashi haiwezi kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa? Kuandika ni kugeuza biti kutoka 1 kuwa 0, basi. Kurudisha 0 iwe 1 hakuwezekani kwa biti moja. Ni lazima bloku nzima ifutwe. Ni kama kuandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la kurasa 64, ambalo ukikosea herufi moja dawa ni kununua daftari jipya na kunakili yote. Hesabu yake kwa chipu ya kawaida yenye kurasa 64 za baiti 2,048 katika kila bloku: kubadili baiti 1 palepale ilipo kunaweza kukulazimu usome, ufute na uandike upya baiti 131,072. Na kila kufuta kunakula umri wa bloku. Chipu zinazohifadhi biti moja kwa kila seli huhimili kufutwa kama mara 100,000. Zinazobana biti tatu kwenye seli moja huhesabiwa kwa maelfu machache tu.

Kwa hiyo, unapoambiwa kwamba data yako “imehifadhiwa kwenye flashi”, elewa kwamba chipu yenyewe ina mchango mdogo katika kuaminika huko. Inasahau, inachakaa, inakosea biti. Kinachokufanya uiamini ni programu iliyoizunguka, na mstari wa mbele wa programu hiyo ni draiva.

Je, wajua kwamba amri, anwani na data vyote hupita kwenye nyaya zilezile nane? Chipu ya NAND haina nyaya za kutosha kutenganisha mambo. Waya mmoja wa pembeni ukiinuliwa, chipu inajua kinachokuja ni amri. Mwingine ukiinuliwa, ni anwani. Zote mbili zikishushwa, ni data. Amri zenyewe ni chache mno. 0x90 ni “jitambulishe”. 0x60 kisha anwani kisha 0xD0 ni “futa bloku hii”. 0x70 ni “hali yako vipi?”, na jibu ni baiti moja: biti ya 6 inasema kama chipu iko tayari, biti ya 0 inasema kama kazi iliyopita imeshindikana. Draiva isiyoiangalia ile biti ya 0 itakwambia kila siku kwamba mambo ni shwari.

Kusubiri nako ni kazi. Katika chipu za biti moja kwa seli, kusoma ukurasa huchukua kama mikrosekunde 25, kuandika 200 hivi, kufuta milisekunde 2. Zinaonekana ndogo? Prosesa ya GHz 1 hupiga mizunguko milioni mbili katika milisekunde 2. Draiva inayokaa inauliza “umemaliza? umemaliza?” muda wote huo inamnyima kila mtu kompyuta. Draiva njema hulala usingizi na kukiachia kidhibiti kazi ya kuiamsha.

Je, wajua kwamba kabla ya 2006 hapakuwa na namna moja ya kuiuliza chipu ukubwa wake? Kerneli ya Linux ilibeba jedwali la chipu zinazojulikana, mstari kwa mstari, na chipu mpya ikitoka mtu alikaa akaongeza mstari. Ndipo Intel, Micron, Hynix, Phison na Sony zikaunda kikundi cha ONFI, na mwishoni mwa 2006 ukatoka mwongozo wa kwanza: chipu sasa hubeba ukurasa wa wasifu wake. Samsung na Toshiba hazikujiunga. Zikashika njia yao. Utamu uko hapa: wasifu huo huandikwa nakala tatu au zaidi, kwa kuwa nao unaweza kusomeka vibaya. Linux hukagua nakala moja baada ya nyingine, na zote zikionekana zimeharibika hupiga kura, biti kwa biti, wengi wape.

Hesabu za kusahihisha makosa zina umri mkubwa kuliko flashi yenyewe. Msimbo wa BCH ulibuniwa na Hocquenghem wa Ufaransa 1959, na Bose pamoja na Ray-Chaudhuri wakaufikia 1960 bila kumtegemea yeye. Msimbo wa LDPC, unaotumika katika chipu za leo zenye biti tatu au nne kwa seli, ulitoka kwenye tasnifu ya Robert Gallager pale MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukalala zaidi ya miaka thelathini kwa sababu mashine za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuufanyia kazi. Kidhibiti huzikokotoa hesabu hizo chenyewe. Lakini ni draiva inayoamua ziwekwe wapi na ziwe na nguvu kiasi gani, na pia kama biti mbili zilizosahihishwa leo ni jambo la kupuuza au dalili ya bloku inayokata roho.

Je, wajua kwamba ukurasa usio na kitu ni mtego kuliko ukurasa uliojaa? Ukurasa uliofutwa una 1 tupu, mpaka kwenye eneo la msimbo wa kusahihisha. Biti moja ikianguka hapo kwa uchakavu, kidhibiti kinajaribu kusahihisha kwa msimbo ambao haukuwahi kuandikwa, kinashindwa, kinapiga kelele: data imeharibika! Data gani? Draiva lazima ihesabu zile sifuri zilizojipenyeza. Zikiwa chache, irudishe ukurasa ukiwa safi, na ikae kimya. Kwa miaka kadhaa draiva mbalimbali ndani ya Linux zilikuwa na dawa zao za mitishamba kwa ugonjwa huu, hadi ilipoandikwa kanuni moja ya pamoja.

Mtego mwingine, na huu ndio niupendao. Kidhibiti cha chipu za i.MX, kilichotengenezwa na Freescale (leo ni NXP), hakiweki misimbo yake pembeni mwa ukurasa. Huikata data vipande na kupachika msimbo baada ya kila kipande. Matokeo yake, ile baiti ya alama ya ubovu, iliyoachwa na kiwanda pembeni, hujikuta katikati ya data ya mtumiaji. Picha yako ikiangukiwa na thamani fulani mahali hapo, bloku nzima itaonekana mbovu. Suluhisho la draiva yake: kila inapoandika hubadilishana baiti mbili, ya data na ya alama, na kila inaposoma huzibadilishana tena. Ni hila halali ambayo mtumiaji hataijua maisha yake yote.

Je, wajua kwamba kidhibiti kimoja cha flashi kiliishia mikononi mwa watoto wa Rwanda? Kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe ya mradi wa OLPC (kompyuta moja kwa kila mtoto), iitwayo XO-1, ilikuwa na GB 1 ya flashi ghafi, yaani isiyojifanya diski, na chipu maalumu ya Marvell iliyopewa jina la CaFe, kwa kuwa ilisimamia kamera na flashi kwa pamoja. David Woodhouse, mwasisi wa tawi la Linux linaloshughulikia flashi ghafi, alikuwa miongoni mwa walioandika draiva yake. Juu ya draiva hiyo ulikaa mfumo wa mafaili JFFS2, ambao pia ni kazi yake. Rwanda ikaja kuwa nchi ya Afrika iliyozigawa kompyuta hizo kwa wingi zaidi. JFFS2 ilikuwa imara, ila ilikuwa na tabia moja ya kuchosha: kila ilipoanza, ilipaswa kuipitia flashi kujua nini kiko wapi, na kadiri flashi ilivyokuwa kubwa ndivyo mtoto alivyongoja.

Mifumo hii ya mafaili imesafiri kweli. JFFS ya kwanza ilitoka Axis, watengenezaji wa kamera wa Lund, Sweden. YAFFS iliandikwa na Charles Manning wa New Zealand, na ndiyo iliyobeba simu ya kwanza ya Android ya 2008. UBIFS ni kazi ya Nokia pamoja na Chuo Kikuu cha Szeged, Hungaria, iliyoingia Linux 2008. Ruta ya intaneti iliyo sebuleni kwako, kama inatumia flashi ya NAND bila kifuniko, huenda inaendeshwa na mojawapo ya hizi hivi sasa.

Sasa twende mbali kidogo. Kilomita milioni nyingi.

Januari 2004 gari la NASA liitwalo Spirit lilikuwa limetua Mirihi, na kwenye siku yake ya 18 huko likanyamaza. Lilipopatikana tena, wahandisi waligundua linajiwasha na kujizima, zaidi ya mara 60. Lilikuwa na MB 256 za flashi, na chipu haikuwa na kosa lolote. Mfumo wa mafaili juu yake ndio uliokuwa na kosa. Safari nzima kutoka duniani ilikuwa imerundika mafaili. Kila faili lilidai nafasi katika kumbukumbu ya kazi, na orodha ya mafaili haikupungua hata mafaili yenyewe yalipofutwa. Kumbukumbu ikajaa. Gari likajizima na kujiwasha; likiwaka, jambo la kwanza ni kuifungua flashi, kumbukumbu inajaa, linajizima. Na kwa kuwa halikulala ipasavyo usiku, betri nazo zilikuwa zinakwisha.

Kilichoiokoa Spirit ni kwamba mtu fulani, kabla ya safari, aliweka amri ya kuwaka bila kugusa flashi kabisa, kwa kutumia kumbukumbu ya muda peke yake. Amri ikatumwa kutoka duniani, gari likatulia, mafaili yakafutwa, kisha flashi ikaumbwa upya. Gari lililotarajiwa kufanya kazi siku 90 lilidumu mpaka 2010. Ukinibana niseme draiva ya flashi inahitaji nini kuliko kasi, nitajibu: njia ya kuwaka bila yenyewe. Ni jambo linaloonekana la ziada mpaka siku unapolihitaji, na siku hiyo huwa huna mkono wa kulifikia gari.

Pacha wake, Opportunity, alipatwa na maradhi ya uzee. Mwaka 2014 flashi yake ilianza kusahau. Wakaiumba upya kutoka duniani, ikasahau tena, na mwishowe wakaamua kuifumbia macho benki ya saba ya chipu zake na kuishi na zilizobaki.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kupoteza hata data uliyoiandika jana? Katika chipu za biti mbili kwa seli, kurasa mbili tofauti hugawana seli zilezile. Ukurasa wa kwanza unaweza kuwa umekaa salama siku nyingi; siku unapoandikwa mwenzake na umeme ukakatika, wote wawili wanaharibika. Kwa nchi zetu ambako umeme hukatika bila hodi, hili ni jambo la kila wiki. Waandishi wa Linux walilipigania tatizo hili kwa muda mrefu, na 2018 wakanyoosha mikono: tabaka la UBI, lililo chini ya UBIFS, likaanza kuzikataa chipu hizo waziwazi. Naona walifanya vyema. Afadhali draiva inayokataa kazi kuliko inayoipokea huku ikijua itakuangusha.

Kwa nini basi simu yako haina habari na haya yote? Kwa sababu ya uvumbuzi wa Waisraeli wa kampuni ya M-Systems katika miaka ya 1990: tabaka la kutafsiri linaloifanya flashi ijifanye diski ya kawaida. Linahamisha data huku na huku ili bloku zote zichakae kwa usawa, linaficha mbovu, linasahihisha makosa. Siku hizi tabaka hilo limo ndani ya kadi au chipu yenyewe. Simu ya Nexus S ya mwishoni mwa 2010 ndiyo iliyoihamisha Android kutoka YAFFS kwenda mfumo wa mafaili wa diski za kawaida. Draiva ikawa nyepesi, mwandishi wake akapumua. Lakini zile hila hazikutoweka. Zilihamia kwenye sanduku lililofungwa ambalo mwenye mfumo endeshi hana ufunguo wake.

Je, wajua kwamba ndani ya kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha kuna kompyuta kamili? Desemba 2013, huko Hamburg, Andrew “bunnie” Huang na Sean Cross walionyesha jinsi walivyoingia ndani ya kidhibiti cha kadi fulani za SD, prosesa ya ukoo wa 8051, na kuifanya iendeshe programu yao. Kadi inaweza kukuonyesha kitu na kuficha kingine, na draiva yako haitakuwa na namna ya kujua.

Sanduku hilo lililofungwa limewahi kuwaumbua wakubwa. Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatahadharisha wateja kwamba baadhi ya diski zake za flashi zitakufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa: miaka 3, siku 270 na saa 8. Anayejua hesabu za kompyuta huiona nambari hiyo akashtuka. Ni 2 kwa kipeo cha 15, mahali ambapo kihesabio cha biti 16 chenye alama ya hasi hufurika. Chipu zilikuwa nzima, mstari mmoja wa programu ulikuwa mfupi kwa biti chache. Na kwa kuwa diski zilizofungwa pamoja hutimiza saa hizo pamoja, nakala ya akiba ingekufa siku moja na ile iliyokuwa ikiilinda.

Tesla nayo, Februari 2021, iliita magari takriban 135,000 ya Model S na Model X yarudi karakana. Ndani ya kompyuta ya skrini yake kulikuwa na flashi ya GB 8 inayohimili kufutwa kama mara 3,000 tu. Ikichakaa, skrini inazima, na kamera ya nyuma inakwenda nayo.

Je, wajua tofauti ya foleni? Njia ya zamani ya kuunganisha diski, AHCI, iliipa draiva foleni moja ya amri 32, kwa sababu ilibuniwa enzi za sahani zinazozunguka. NVMe, iliyotoka 2011 kwa ajili ya flashi, inaruhusu foleni 65,535, kila moja na amri zinazofika 65,536. Draiva ya kwanza ya Linux iliandikwa na Matthew Wilcox akiwa Intel, ikaingia kerneli ya 3.3 mwaka 2012. Kasi ya diski za flashi ikafichua kwamba kerneli yenyewe ndiyo iliyokuwa kikwazo. Ikabidi njia ya kupanga amri iandikwe upya, na toleo la 3.13 la 2014 likatoka na njia hiyo mpya.

Na ile flashi ya “GB 512” uliyouziwa Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei ya chips kuku? Mara nyingi kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo. Draiva inauliza “una ukubwa gani?”, inajibiwa, inaamini. Ndani kuna GB 8, na kila kinachozidi hapo humezwa au huandikwa juu ya kilichotangulia. Dawa ni programu ya bure iitwayo f3: inaijaza flashi yote, kisha inasoma tena kuona kilichobaki. Ifanye kazi hiyo kabla hujaweka picha za harusi.

Je, wajua kwamba unaweza kujifunza kazi hii bila kuwa na chipu hata moja? Linux ina moduli iitwayo nandsim, inayoigiza chipu ya NAND ndani ya kumbukumbu ya kompyuta yoyote. Unaichagulia ukubwa kwa kuitajia baiti za utambulisho, na ukitaka unaipangia maradhi: bloku zilizozaliwa mbovu, bloku dhaifu zitakazokufa baada ya kufutwa mara kadhaa, biti zinazoanguka zenyewe. Yupo na ndugu yake, mtd_torturetest, anayefuta na kuandika bila kukoma mpaka bloku ikubali kufa. Huyo wa pili hakikisha unamwelekeza kwenye ile ya kuigiza, si kwenye ruta ya nyumbani.